Karata ya Bure

Tulipomzika Mzee Nzioka kule Tulia mwaka jana, mwinjilisti alisoma maisha yake kutoka kwenye karatasi mbili zilizopigwa chapa vizuri, na katika karatasi zile mbili hapakuwa na karata hata moja. Walisema alikuwa mpishi. Walisema alikuwa mpole, mwaminifu, mpenda watu, na kwamba aliwahi kuwapikia Wamarekani. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya tenti nikasikia damu inanichemka. Mtu ameishi karibu miaka tisini, halafu mnamzika bila kichwa. Basi mshereheshaji akatangaza, "Kuna mama hapa ametoka Nairobi, anasema walifanya kazi na marehemu. Mama, dakika mbili tu, jua ni kali." Nikashika maikrofoni. "Mimi naitwa Kavata," nikasema. "Huyu mzee ndiye alinifundisha kucheza poka." Vijana waliokuwa wamesimama nyuma wakaangua kicheko, pasta akakohoa, na wajukuu wa marehemu wakainua vichwa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Niliwaambia kwamba kwa miaka arobaini na zaidi nilikataa kumtaja kwa sababu nilimwahidi, na sasa kwa kuwa hakuna bosi awezaye kumfuta kazi, nimemtaja. Nilikula dakika zangu mbili na nyingine tano za watu wengine. Yale ambayo sikuyamaliza pale nayamalizia hapa, na asiyependa afunge kitabu.

Mwaka wenyewe ni ule wa sabini na tano kuingia sabini na sita. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, karani wa kambi ya kuchimba visima nje ya Emali, upande wa barabara inayoelekea Loitokitok. Kambi ilikuwa mashine moja kubwa ya kutoboa ardhi, mahema sita, ofisi ya mabati, na jengo refu la mabati tuliloliita mesi, ambalo Wamarekani walilijenga kabla ya kumaliza mkataba wao na kurudi kwao. Waliacha mashine, waliacha sufuria kubwa za aluminiamu, na waliacha pakiti moja ya karata. Meza ya mesi ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya madramu mawili ya dizeli, umefunikwa blanketi la kijivu, na kitasa chake bado kilikuwepo. Ukikaa upande ule kilikugusa tumbo. Mle ndani kulinuka dizeli, kitunguu na vumbi la moto. Chakula cha mchana kilikuwa muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na kunde, Jumatano nyama ya mbuzi, na Mzee Nzioka alikuwa na tabia ya kuonja chumvi kwa kutia tone la mchuzi nyuma ya kiganja, kisha anafumba macho kama anayeomba. Aliwapikia Wamarekani wale miaka mitatu. Mchezo wao aliujifunza akiwapelekea kahawa, amesimama nyuma ya viti vyao, akiona karata za kila mtu.

Mimi niliujifunza kwa masikio. Chumba changu, kwa vile nilikuwa mwanamke peke yangu pale, kilikatwa kutoka mwisho wa mesi kwa ukuta wa mbao nyembamba. Jumamosi saa sita mashine ilizimwa, msimamizi wetu Bwana Titus, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa, akaenda zake Emali kwenye kikao cha wazee, na alasiri yote mimi nikiwa nimelala juu ya kitanda na joto limenikaba nilisikia ng'ambo ya ukuta: "Napita." "Weka kumi." "Nafuata." "Ongeza, kama wewe ni mwanaume." Mwanzo nilidhani wanagawana kazi. Baada ya wiki kadhaa nilijua kwamba kila mtu anapewa mbili za siri, kisha tatu zinafunuliwa mezani kwa wote, kisha moja, kisha ya mwisho, na kila zinapofunuliwa watu wanapimana ubavu. Baada ya miezi mitatu nilijua zaidi ya hayo. Nilijua kwamba Salim fundi mitambo, kijana wa nyumba moja ya Waislamu wa Kitui mjini, husema "nafuata" polepole akiwa na kitu. Nilijua kwamba Mulwa dereva, akiwa hana kitu, sauti yake hupanda na anaanza kuimba. Jumamosi moja Mulwa aliongeza kwa mbwembwe, akaimba, na wenzake wakanyamaza kwa hofu, nami nikachoka, nikasema kwa sauti pale pale kitandani, "Anadanganya huyo." Nikasikia kiti kinasukumwa. "Wewe mwiitu," Mzee Nzioka akaita kupitia mbao, kama wanavyomwita binti kwetu, "hebu kuja uketi hapa. Kama unasikia hivyo, ukiona je?"

Hawakucheza pesa. Nalisisitiza hili kwa sababu lilikuja kuwa muhimu, na kwa sababu hadi leo kuna watu Emali wanaosema tulikuwa tunacheza mishahara. Salim aliweka sharti siku ya kwanza kabisa, kabla sijafika: kamari ni haramu, kwa hiyo tutacheza ndengu, na ndengu zikishachezwa lazima zipikwe Jumapili ziliwe na kila mtu, zisibaki za kumdai mtu. Ndivyo ilivyokuwa. Kila mmoja alihesabiwa vikombe viwili vya ndengu kutoka gunia la jikoni. Aliyeshinda alipakua kwanza na kujaza sahani yake, aliyeishiwa kwanza aliosha masufuria. Hayo ndiyo yalikuwa malipo, na nakuambia watu waliyapigania kuliko mishahara. Karata zenyewe zilikuwa zimechakaa hadi pembe zikawa laini. Mbili ya shupaza ilipotea zamani ikabadilishwa na kipande cha pakiti ya sigara, kwa hiyo aliyekuwa nayo kila mtu alimjua, na Mzee Nzioka alipenda kuishika juu na kusema, "Hii ndiyo karata ya pekee isiyo na unafiki."

Alinifundisha kwa subira, lakini somo lake lilikuwa moja tu, alilirudia hadi nikalichukia. Mtu yeyote anaweza kudanganya akiwa hana kitu, alisema. Hata Mulwa anaweza. Na mtu yeyote anaweza kutupa karata mbovu. Kazi ngumu ni kuwa na karata nzuri. Zile tatu za kwanza zikifunuliwa na ukajikuta tayari umepata, hapo ndipo watu wengi huharibu. "Unajua watu wetu hufanya nini?" aliniuliza akichagua mawe kwenye mchele. "Wanapata, halafu wanaficha. Wanajifanya maskini. Wanasema, wacha nimvute pole pole. Sasa, kama una bahati, yule mwingine hana kitu, na hata ukimvuta utamvuta na nini? Kama huna bahati, yeye bado anatafuta. Amebakisha karata moja kukupita. Na wewe unamwambia, karibu ndugu, tafuta, sitakulipisha. Hiyo ni karata ya bure, mwiitu. Usimpe mtu karata ya bure. Ukiwa mbele, weka, weka ya kuuma. Akitaka kuendelea kutafuta, atafute kwa gharama yake." Niliitikia kwa kichwa kama nimeelewa. Sikuwa nimeelewa hata kidogo, kwa maana nilikuwa nimelelewa kinyume chake. Mimi nililelewa na methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msichana mwema hajitangazi. Akiwa na cheti, anakiweka chini ya godoro mpaka aulizwe.

Na cheti nilikuwa nacho. Mwezi wa Septemba ilikuja barua kutoka idara ya maji, nami ndiye niliyeifungua na kuigonga muhuri kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kambi yetu ilipewa nafasi moja ya mafunzo ya ufundi wa visima, miaka miwili Nairobi, kwa mfanyakazi aliyefaulu mtihani wa kidato cha nne pamoja na fizikia. Jina lifike kabla ya mwisho wa Machi, na sahihi ya msimamizi. Niliisoma mara tatu. Katika kambi nzima, aliyekuwa na cheti cha kidato cha nne chenye fizikia alikuwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyekuwa ameishika barua ile. Niliipeleka kwenye trei ya Bwana Titus, nikaiweka juu kabisa, nikarudi kwenye taipureta yangu nikangoja. Akaisoma. Akaitia kwenye droo. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Oktoba nilimkumbusha kwa adabu, nikasema labda ile barua ya idara. Akasema, "Aa, Kavata, Machi ni mbali. Haraka ya nini?" Novemba, Mulwa aliomba ruhusa ya wiki tatu. Alienda Machakos kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa nje, maana alikuwa ameacha shule njiani. Na Mulwa alikuwa mtoto wa dada yake Bwana Titus. Nililijua hilo kama nilivyojua jina langu, wala sikuunganisha moja na jingine. Nilikuwa na kitu kizuri, nilingoja kijiuze.

Jumamosi moja ya Januari nilipewa nane mbili. Nazikumbuka vizuri kuliko sura za watu niliosoma nao: nane ya shupaza na nane ya uru, ya uru ikiwa na doa la chai. Mezani zikafunuliwa nane ya kopa, kingi ya kopa na tatu ya maua. Nane tatu! Nikaangalia rundo la ndengu, nikamwangalia Mulwa ambaye alikuwa akitabasamu na kujikuna shingo, nikajiambia, nikiweka sasa watakimbia wote, wacha nijifanye sina. "Napita," nikasema, tena kwa sauti ya kusikitika. Salim akapita. Mulwa akapita. Mzee Nzioka alikuwa ametupa zamani, aliniangalia tu. Ya nne ikaja tano ya uru, haikumsaidia mtu. Mjinga mimi nikapita tena, nikitumaini Mulwa ataweka nimnase. Mulwa akapita. Ya mwisho ikafunuliwa: mbili ya kopa. Sasa ndipo nikajifanya shujaa, nikasukuma ndengu zangu zote mbele kwa mikono miwili. Mulwa hakuimba. Hilo peke yake lingetosha kunionya. Alizisukuma zake taratibu, akalaza jeki ya kopa na tisa ya kopa, na pamoja na kopa tatu za mezani zikawa kopa tano, ambazo huzipiga nane tatu. "Pole, dada," akasema, na alikuwa anamaanisha. "Mimi sikuwa na kitu. Nilikuwa nangoja tu, na wewe ukaniacha ningoje."

Nilikuwa nasugua sufuria nyuma ya jiko kwa majivu na nyuzi za katani wakati Mzee Nzioka alipokuja akachuchumaa karibu yangu. Hakunifariji. "Ulikuwa na nane ngapi?" "Tatu." "Tangu lini?" "Tangu zile tatu za kwanza." "Aiya!" akasema, akapiga paja. "Kopa mbili ziko mezani, unaziona, zinakukodolea macho, na wewe unapita? Mara mbili? Huyo Mulwa hakukushinda. Wewe ulimbeba mgongoni ukamvusha mto, akakupiga na fimbo yako." Nikasema kwa hasira kwamba ni bahati yake tu, kopa ingeweza isije. Nakumbuka alivyonitazama, macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi. "Ingeweza isije," akakubali. "Hata hivyo ungekuwa umecheza vibaya. Na kama ungeweka, naye akafuata, na kopa ikaja, ungekuwa umecheza vizuri na umepoteza. Hiyo haina aibu. Lakini hii, mwiitu, hii ina aibu." Akaniacha. Nikabaki nimeinama juu ya sufuria, mikono imejaa majivu hadi kiwikoni, na pale pale, bila mtu kuniambia, nikaiona droo ya Bwana Titus. Barua imelala ndani. Mulwa amefanya mtihani, anangoja matokeo, matokeo hutoka kabla ya Machi kwisha. Mimi ninacho tayari, yeye bado anatafuta, na kwa miezi minne nimekuwa nikisema napita, napita, kwa sauti ya kusikitika. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini yangu yalikuwa hayajauma hadi siku ile. Niliona aibu kiasi cha kutaka kujitia ndani ya sufuria.

Jumatatu nilichagua saa ya chakula cha mchana, si ofisini. Ofisini angenijibu anavyotaka na nisingekuwa na shahidi ila taipureta. Watu ishirini na wawili walikuwa mesi wakila muthokoi, na Bwana Titus alikuwa amekaa kichwani pa meza, upande usio na kitasa. Nikasimama na sahani yangu. "Bwana Titus," nikasema, "naomba kuuliza mbele ya wenzangu. Kuna nafasi ya masomo ya visima imekuja tangu Septemba. Wanataka kidato cha nne na fizikia. Mimi ninavyo. Kuna mwingine hapa?" Vijiko vikatulia. Mulwa akainamia chakula chake. Bwana Titus alitafuna akameza, hakuwa mtu wa kuharakishwa. "Kavata," akasema kwa upole, "wewe ni kama binti yangu. Lakini nikuulize. Tukikusomesha miaka miwili, halafu mtu wa Mwingi akuoe, hiyo akili itachimba kisima gani? Kisima hakichimbwi na rinda." Watu wakacheka. Nilicheka nao, kusema kweli, ilikuwa inachekesha. Kisha nikasema, "Basi nitavaa suruali, Bwana. Barua haikutaja rinda. Jina langu linaenda lini?" Hapo hakucheka mtu. Alifuta mdomo kwa leso, na alipozungumza tena ile sauti ya baba ilikuwa imekwisha. Alisema amesikia habari kwamba ninacheza kamari na wanaume Jumamosi, humu humu mesi. Kwamba yeye kama mzee wa kanisa hawezi kutia sahihi tabia njema ya mtu kama huyo. Niende kwanza nikatubu mbele ya kanisa, niseme na aliyenifundisha ni nani. Baada ya hapo, labda, tutazungumza juu ya masomo.

Lazima nieleze kutubu kwetu kulivyokuwa, maana vijana wa siku hizi hawakujui. Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya nyimbo, karani wa kanisa alisoma majina ya wenye makosa. Aliyetajwa alisimama mbele, akasema kosa lake kwa mdomo wake, akasema nimetubu. Kisha pasta akauliza, "Wanaomsamehe wanyoshe mkono," na mikono yote ikapanda. Nilishaona watu wengi wakisimama pale, walevi, waliopata mimba, waliouza pombe ya kaluvu, na sikuwahi kuona mkono mmoja ukikaa chini wala mtu mmoja akikataa kusema nimetubu. Ungesamehewa, ndiyo. Lakini kuanzia siku hiyo ulikuwa yule aliyesimama mbele. Bwana Titus alijua hivyo. Nikitubu, ana sababu ya kutonituma: mcheza kamari aliyekiri kwa kinywa chake. Nikikimbia, ana sababu vile vile. Na nikimtaja mpishi, mpishi anarudi Tulia bila kazi, na watoto saba. Wiki ile Mzee Nzioka alikuja mara moja mlangoni pangu, hakuingia. "Nitaje tu," akasema. "Mimi ni mzee, nitapata pengine pa kupika." Nikamwambia sitamtaja akiwa hai, na kwamba hilo ni neno langu. "Unafikiria nini juu ya huyu mtu?" akaniuliza, na nilijua hatuzungumzi tena juu ya kanisa. Nikasema, "Nafikiri hana kitu. Angekuwa na kitu angeniambia pale pale mezani. Hangenipeleka mpaka kwa Mungu." Mzee Nzioka akacheka hadi akashika nguzo ya mlango.

Jumapili ile nilivaa gauni langu la bluu na nikakitoa cheti chini ya godoro. Kanisa letu lilikuwa la mabati karibu na reli, na treni ya mizigo ilipopita mahubiri yalisimama hadi ipite. Jina langu lilisomwa la tatu. Nikaenda mbele. Bwana Titus alikuwa amekaa kwenye benchi la wazee, mikono juu ya magoti. Pasta wetu, mzee mwenye miwani mizito na sauti ndogo, akasema, "Sema, binti yangu." Nikasema, "Ninacheza karata. Tunacheza ndengu, na tukimaliza tunazipika tunakula. Sijamwibia mtu, sijamdanganya mume wa mtu. Sijatubu kwa sababu sioni cha kutubia." Nilisikia akina mama wakivuta pumzi kwa pamoja. Pasta akaniuliza nani alinifundisha. "Masikio yangu," nikasema, na ilikuwa kweli kwa sehemu kubwa. Kisha, kabla mtu hajanizuia, nikaenda kwenye meza ya sadaka nikakiweka cheti pale, uso juu. "Nimeletwa hapa kwa sababu ya karatasi hii. Pasta, naomba uisome kwa sauti. Halafu umwulize Mzee Titus kuhusu barua iliyo kwenye droo yake." Sitaki mtu adhani sikuogopa. Niliogopa sana, lakini nilikuwa nimeshaweka, na ukishaweka huwezi kurudisha.

Pasta alikiinua cheti karibu na pua akasoma. Alisoma jina langu lote, akasoma kila somo na alama yake, Kiingereza, hesabu, jiografia, na alipofika fizikia alisimama akarudia, kana kwamba ni jina la nabii ambaye hakuwahi kumhubiri. Kisha akageuka. "Mzee Titus, kuna barua?" "Ipo." "Tangu lini?" Bwana Titus, na hapa nitamheshimu, hakusema uongo kanisani. "Septemba," akasema. Treni ikapita. Tukakaa wote tukiisikiliza behewa kwa behewa, na nadhani treni ile ilinifanyia kazi kuliko maneno yangu yote. Ilipokwisha, pasta akasema hapa kuna mambo mawili. La kwanza, binti huyu hajatubu, kwa hiyo ametengwa na meza ya Bwana na atakaa benchi la nyuma hadi atakapotubu. La pili si la kanisa, lakini mzee wa kanisa hapaswi kuweka mali ya mtu kwenye droo. "Andika hilo jina, Mzee." Kisha kwa mazoea, maskini, akasahau na kuuliza, "Wanaomsamehe wanyoshe mkono." Nikasema, "Msinyoshe, sijaomba." Mikono ikakwama hewani. Ila Susu Mbeke, bibi aliyeuza ugoro sokoni na aliyekaa mbele kwa sababu ya masikio yake, alinyosha wake hadi juu. "Mimi nimemsamehe," akasema kwa sauti kubwa. "Atake asitake." Hata benchi la wazee lilicheka.

Nilikaa benchi la nyuma miezi yote iliyobaki kabla sijaondoka kambini, nikijifunza kwamba kutoka nyuma unaona anayesinzia na anayekagua viatu vya wenzake. Sijatubu hadi leo. Mapasta watatu tofauti wamenitumia ujumbe kwamba jambo lile dogo linaweza kumalizwa kwa dakika tano, nami nimewajibu kwa heshima zote kwamba dakika hizo sina. Kuna dada zangu wanaosema nilipoteza baraka kwa ajili ya karata. Wanakosea hesabu. Mimi sikusimama pale kutetea karata. Nilisimama kwa sababu mtu alikuwa ananiambia nijifanye sina nilichokuwa nacho, aniite mnyenyekevu, halafu akichukue. Kizuri hakijiuzi. Nimeishi muda wa kutosha kusema hivyo mbele ya wazee. Kizuri hukaa chini ya godoro kikiliwa na panya, na aliyekificha huzikwa akisifiwa kuwa mpole.

Jumatatu iliyofuata Jumapili ile, Bwana Titus alinipa barua ya kujibu idara niipige chapa mimi mwenyewe. Alisimama nyuma yangu akinitajia maneno, na alipofika kwenye jina alinyamaza, nikaliandika bila kutajiwa. Alitia sahihi kwa kalamu nyekundu, ile ya kukataa maombi ya ruhusa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu au kwa kuwa ndivyo alivyotaka, sijui. "Usifikiri umeshinda," akasema. Nikasema, "Sifikiri, Bwana. Naomba tu iende na posta ya leo." Ilienda na posta ya saa nane.

Aprili, Mulwa ndiye aliyetumwa kunipeleka Emali kupanda treni. Tulikaa mbele ya Land Rover ya kambi, sanduku langu nyuma likiruka kila penye shimo, na ndani ya sanduku kulikuwa na kikombe cha ndengu alizonifungia Mzee Nzioka kwenye gazeti. Mulwa hakuimba njia yote. Tulipofika stesheni alizima injini lakini hakushuka. "Matokeo yangu yalitoka," akasema. "Wiki tatu baada ya ile Jumapili." Nikasema nimesikia, hongera. "Fizikia nimekupita," akasema. "Si fizikia tu. Kila kitu, Kavata. Nimekupita kila kitu." Hakuwa ananitambia, wala hakuwa na hasira. Nilijua anasema kweli, na nikajua ni kwa unywele mwembamba kiasi gani nilikuwa nimeketi pale na sanduku. Nilimhurumia. Alikuwa amesoma kwa taa ya koroboi ndani ya hema, baada ya kuendesha lori kutwa. Lakini sikujuta, wala sijajuta, na kama angenitazama usoni angeliona hilo.

"Ungengoja hizo wiki tatu tu," akasema, "hiyo nafasi ingekuwa yangu."

"Najua," nikamwambia, nikafungua mlango. "Ndiyo maana sikungoja."